Mama, Mjomba na Waya wa Ardhi

Mama havai viatu nyumbani. Viatu anavyo, jozi mbili, vimepangwa chini ya kitanda vikingojea kanisa na hospitali. Kwingineko anatembea pekupeku, kama alivyotembea kijijini kwetu Wusi, huko mlimani, miaka sabini na kitu, akipanda na kushuka mashamba yaliyoinama. Alipoanguka kwenye matuta akaumia nyonga, nilimteremsha kuja kuishi nami mtaa wa Kaloleni hapa Voi, nikamnunulia ndara za mpira. Alinishukuru sana. Kisha akazisukuma chini ya kitanda pamoja na zile nyingine.

Naanza na miguu yake kwa sababu ndiyo iliyogundua kosa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilikuwa na kijitabu cha maelekezo, nilikisoma mara mbili, na sikugundua lolote.

Kosa lenyewe lilikuja na gari. Nafundisha upande wa Mwatate, naenda na kurudi kila siku, na nilikuwa nimenunua gari dogo la umeme kutoka kwa mtu wa Mombasa aliyekuwa anahama. Walimu wenzangu waliliita friji, kwa sababu halingurumi na lazima lichomekwe ukutani. Miezi ya kwanza nililichaji kwa waya wa ekstensheni uliopitia dirisha la jikoni. Jioni moja nikaushika ule waya, nikaukuta una moto kama chapati iliyotoka tu kikaangoni. Niliuchomoa, na wiki hiyo hiyo nikaagiza chaja ya kufungwa ukutani.

Kijitabu kilichokuja nayo hakikuwa na mafumbo. Chaja iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye mita. Waya uwe mnene. Iwepo swichi ya kukata stima ikianza kuvuja. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, uwe mzima na ufike ardhini kweli, si kwa jina tu. Na kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni. Niliyaelewa hayo yote, kisha nikamwachia mjomba.

Mjomba ni kitindamimba wa nyumba ya kina mama. Alikuwa fundi wa stima kwenye karakana ya shamba la mkonge mpaka alipostaafu, na wikendi alikuwa akifunga umeme kwenye nyumba za watu. Nusu ya mtaa wetu inawaka kwa mkono wake, na nyumba yangu ni mojawapo. Sikumwita. Alisikia kanisani kwamba kuna mashine inakuja, na siku ilipofika nilimkuta mlangoni ameshavaa ovaroli, mkoba wa vyuma begani.

Ningeweza kumwambia asante, nimeshapata fundi mwingine. Asiyetoka kwetu angesema hivyo na mambo yakaisha. Lakini kwetu sisi Wadawida mjomba hakataliwi hivi hivi. Si kwamba atakugombeza; shida ni akinyamaza. Wazee waliamini, na wengi wetu tunaokwenda kanisani bado tunaamini chinichini, kwamba hasira ikikaa moyoni mwa mtu wako wa karibu inaweza kutoka yenyewe na kukufikia. Utaumwa, au mahindi yatakauka, na mwenye hasira hata hajui. Dawa yake ni kutasa. Mtu anajaza maji mdomoni, anayapuliza nje manyunyu manyunyu, na anasema kilichokuwa moyoni kimetoka. Watu wakiniuliza, mimi husema siyaamini mambo hayo. Siku hiyo nilifungua mlango na kuteleka chai.

Mjomba alifanya kazi haraka na vizuri, kwa kuangalia. Chaja ilikaa ukutani imenyooka, chini ya paa la mabati ninapoegesha gari, karibu na mpapai. Stima aliichukua kutoka kwenye laini ya zamani ya jiko.

"Kijitabu kinasema iwe na laini yake," nilimwambia.

"Na jiko la stima unatumia?"

Situmii. Tunapikia gesi.

Alipoiwasha, taa nyekundu ilimemeta mara nne, ikapumzika, ikamemeta tena mara nne. Nilifungua kijitabu nikamsomea: waya wa ardhi haupo au ni dhaifu.

"Ardhi iko," akasema. "Niliipiga mimi mwenyewe hapo nyuma ya choo, mwaka ule mlijenga."

Alizima, akafungua kisanduku, akakata kipande cha waya kirefu kama kidole. Akakikaza upande mmoja kwenye waya wa ardhi, upande wa pili kwenye nyutro, yaani waya unaorudisha stima kwenye nguzo. "Mashine za siku hizi ziko na maringo," akasema. "Zinataka kudanganywa kidogo tu."

"Mjomba, hiyo ni sawa?"

"Mimi nimefunga stima kabla mama yako akubebe."

Aliwasha. Taa ikawa ya kijani. Mama alipiga makofi, na mimi nikapiga pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu maji alikuwa ameshayatia, na sisi ndio kwanza tunasifu. Kile kipande cha waya nilikiona kikikazwa. Naliandika hilo hapa kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikukiona.

Hapa Voi maji ya bomba hutoka yanapotaka. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo. Mama aliyabeba kwenye karai kila jioni na kumwagia mpapai, na kwa kuwa nyonga haikuwa imepona vizuri, akishamwaga hujishikiza kwenye gari ili ageuke. Saa hizo mimi ndio nimetoka kazini na gari liko kwenye chaja. Kwa hiyo jioni zote mama alisimama pekupeku kwenye udongo uliolowa, mkono mmoja juu ya boneti.

Wiki ya pili aliniambia, "Hiyo gari yako inaniuma."

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilimuuliza inamuuma vipi.

"Inauma mkono. Kama siafu."

Nikamwambia ni mishipa. Daktari alishatuambia kwamba nyonga ikiumia huleta ganzi, na ganzi huchoma. Mama hakubisha. Siku chache baadaye akasema tena, nikatoka nje na ndara zangu za mpira, nikaweka viganja vyote viwili juu ya boneti mbele yake.

"Unaona? Hakuna kitu."

"Kwako," akasema.

Jioni ile, tukila, akaniuliza kama nilishampeleka mjomba Wusi na lile gari. Mjomba aliniomba tangu siku ile ya chaja. Alitaka apande nalo mlima, apite sokoni, watu waone gari lisilo na moshi likiingia na yeye akiwa kiti cha mbele. Nilikuwa nimemuahirisha mara mbili. Mlima ni mrefu, nilimwambia, betri haitatosha. Ingetosha. Sikutaka tu Jumamosi yangu iishie sokoni Wusi.

"Basi ni hiyo," mama akasema. "Yuko na kitu kwa moyo. Ndiyo inatoka kwa kazi ya mkono wake."

Nilicheka. Nilimweleza kwamba stima haijui mjomba wala shangazi. Mama aliendelea kumega sima, na tangu siku hiyo hakulalamika tena. Mimi nikadhani yameisha.

Jumamosi moja jioni nilisimama dirishani nikamwona akitoka na karai. Alimwaga maji. Kisha akachukua leso yake, akauzungushia mkono mara mbili, akaukaza mwisho wa leso kwa meno, ndipo akashika gari na kugeuka. Alifanya taratibu, kama kitu alichokwisha kukizoea. Nilihesabu siku tangu aliponyamaza, zikawa kumi na tisa. Siku zote hizo mama yangu alikuwa anajifunga kitambaa ili aweze kugusa gari langu.

Nilimsubiri aingie ndani. Nikatoka, nikavua ndara, nikakanyaga pale alipomwaga maji. Udongo ulikuwa vuguvugu. Gari lilikuwa linachaji. Niligusa boneti kwa mgongo wa mkono, na lile jambo likanijia mpaka kwenye kiwiko. Siafu, kama alivyosema. Si nguvu ya kumwangusha mtu, lakini ilikuwepo.

Niliogopa. Nilienda nikazima swichi kuu ya nyumba, friji ya kweli ikanyamaza jikoni, na mama akauliza kutoka ndani kama stima imepotea. Nikamwambia ndiyo.

Fundi niliyempata ni mwanamke wa makamo, wa familia moja ya Kiislamu ya hapa mjini ambayo asili yake ni Pwani. Leseni yake aliiweka juu ya meza kabla ya kukaa. Nilimngoja siku tatu kwa sababu alikuwa Kasigau akirekebisha ua wa stima wa kuzuia ndovu. Siku hizo tatu nilibebwa na mwalimu mwenzangu, na friji ilitajwa njia nzima.

Hakuuliza maswali mengi. Alifungua kisanduku, akatazama, akachukua kipimo chake akapima huku na huku. Kisha akaniita kando, mama asisikie.

"Mwalimu, hapa mmeunganisha nyutro na ardhi ili chaja idhani kuna ardhi."

"Najua," nilisema. Lilikuwa jibu baya, lakini ndilo lililotoka.

Alinitazama kidogo, akaendelea. "Nyutro yenu imelegea kule juu ya nguzo. Ndiyo maana stima kidogo inapita kwenye bodi ya gari, na mama anaisikia kwa sababu havai viatu na anasimama penye maji. Hiyo ni kidogo. Siku nyutro itakapokatika kabisa, kwa upepo tu, gari zima litakuwa na stima, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Swichi hii ya jiko haitakuwa na habari. Na mwenye kushika gari siku hiyo hataachia."

Hakumtaja mama. Hakukuwa na haja.

Tulikwenda nyuma ya choo kuitazama fimbo ya ardhi, ile fimbo ya shaba inayopigwa chini ili stima ikivuja iishie udongoni. Aliinama akaishika kwa mkono mmoja, akaivuta. Ikatoka kama karoti. Ilikuwa fupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na ncha yake ya juu ilikuwa bapa, imekatwa kwa msumeno.

"Hizi huwa futi nne," fundi akasema. Hakuwa anakejeli. "Udongo wa huku ukikauka ni jiwe. Mtu anapiga nyundo mpaka anachoka, haiendi, basi anachukua msumeno anakata iliyobaki juu. Wengi hufanya hivyo. Kule Kasigau ndovu walipita kwenye ua wakati wa kiangazi kwa sababu hiyohiyo. Stima ipo, lakini udongo mkavu hauipokei. Nani aliyefunga hapa?"

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alikuwepo tangu lini.

"Ni mdogo wangu," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo ndiye mgumu kumwambia. Nilishauri fundi afunge upya kimya kimya, mjomba asijue. Fundi alikataa. Alisema kama aliyefunga bado yuko hai na yuko hapa Voi, basi awepo. "Fundi akisahihishwa kisirisiri husikia kwa majirani, na kwa majirani hatajifunza kitu. Atachukia tu."

Neno kuchukia lilinikaa. Nilimuuliza mama tufanyeje.

"Mwite," akasema. "Lakini usimwambie kwa simu."

Nilimwambia tu kwamba chaja ina shida. Alikuja kesho yake saa nane mchana, na ovaroli, na mkoba, na vile viatu vyake vya kazi vyenye soli nene ya mpira ambavyo sijawahi kumwona bila hivyo. Asubuhi ile watu wa stima walikuwa wamekuja kukaza nyutro kwenye nguzo. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya paa la mabati, na mjomba alipotokea, alisimama.

"Shikamoo, fundi."

Mjomba hakutegemea kuamkiwa kwa jina la kazi na mtu mwenye kipimo mkononi. Aliitikia marahaba, akangoja. Fundi akampa vitu viwili, kipande cha waya kirefu kama kidole na fimbo fupi. Mjomba aliigeuza fimbo mpaka akaiona ile ncha bapa. Mkato wake mwenyewe aliujua.

"Ilifanya kazi," akasema. "Taa iliwaka."

"Iliwaka, fundi," yule mwanamke akajibu.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu usiku uliopita, yenye heshima na mzunguko. Sikuyatumia hata moja. Nilisema, "Mjomba, gari lilikuwa linamuuma mama."

Mjomba akamgeukia dada yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, leso mapajani.

"Lilikuuma?"

"Liliniuma."

"Mara ngapi?"

"Kila siku nikimwaga maji."

"Na hukuniambia. Mtu ambaye ningekuja kwa mguu usiku. Kwa nini hukuniambia?"

Mama aliikunja leso. "Nilidhani ni wewe," akasema. "Nilidhani uko na hasira na sisi. Nikasema nivumilie, itaisha yenyewe."

Mjomba aliketi chini pale pale kwenye vumbi, ovaroli na yote, fimbo fupi mkononi. Nilimuonea huruma, na nilijionea haya, kwa sababu mimi nilisoma kijitabu na yeye hakukisoma.

Aliponyanyuka alimuuliza fundi, "Mpya inapigwa wapi?"

Fundi akaonyesha pale kwenye mpapai. Ndipo penye udongo laini kuliko kiwanja chote, kwa sababu ya maji ya vyombo. Fimbo zilikuwa mbili, za kuunganishwa moja juu ya nyingine. Mjomba alichukua nyundo kabla hajapewa. Alipiga taratibu, mzee wa miaka sabini, akipumzika kila futi. Fimbo ya pili ilipobaki kama shubiri mbili ikagoma, na sote tuliona mkono wake ukienda kwenye mkoba ulimokuwa msumeno. Mkono ukasimama hapo. Kisha akamwomba mama karai la maji, akayamwaga, akangoja yanywewe, akashika nyundo tena. Iliingia yote.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi, na ilichukua alasiri yote. Aliondoa laini ya jiko, akavuta waya mpya mnene kutoka kwenye mita, akaweka swichi ya kukata stima ikivuja. Mjomba alimshikia ngazi. Mara mbili alimuuliza kitu, na mara zote mbili alisikiliza jibu mpaka mwisho. Fundi alipima ardhi, akapima tena, akabonyeza kitufe cha kujaribu, swichi ikaruka ilivyotakiwa. Chaja ikawaka kijani bila kudanganywa.

Ndipo mjomba akaomba maji ya kikombe.

Alijaza mdomo, akachutama karibu na mpapai, akayapuliza manyunyu juu ya udongo mara tatu. Alisema kwa Kidawida, sauti ya kawaida tu, nami naandika kwa kadiri nilivyosikia. Alisema hasira hakuwa nayo. Kama ilikuwepo bila yeye kujua, imetoka. Na kama kilichokuwepo ni kiburi, nacho kitoke. Fundi, ambaye si wa kwetu na hakuelewa neno, alisimama ameinamisha kichwa mpaka mjomba akamaliza.

Nilidhani hapo tumemaliza. Mjomba aliketi kwenye kigoda akaanza kufungua kamba za viatu. Alivua kimoja, akavua cha pili, akavua soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kukaa ndani miaka yote. Alichukua karai, akamwaga maji yaliyobaki pale mama anaposimama, akakanyaga katikati.

"Hakuna haja, mzee wangu," fundi akasema. "Nimeshapima."

"Najua umepima."

Aliniambia nichomeke. Nikachomeka, gari likaanza kuchaji. Mjomba akaweka kiganja chake chote juu ya boneti, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sote watatu tulimwangalia, na mimi nilikuwa nimeshika swichi.

Kisha akafumbua macho, hakuondoa mkono.

"Dada," akasema. "Njoo."

Mama alikuja pekupeku kama kawaida yake. Leso alikuwa ameshaizungusha mkononi. Aliifungua, akaitupa begani, akakanyaga penye maji na kuweka kiganja kando ya cha mdogo wake.

"Hakuna kitu," akasema.